Skrini Yangu na Skrini ya Baba

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute ukiwa mzima, wewe na wifi yangu na wale watundu wenu watatu. Natumaini mgongo wako umepoa, na kwamba umeacha kubeba magunia dukani kama vile una miaka ishirini. Sisi huku ni wazima, ukiacha mafua yaliyonishika wiki iliyopita na kuniachia pua nyekundu kama nyanya. Usishtuke kuona barua badala ya simu. Hakuna aliyefariki. Nimeliweka hilo hapa juu kabisa kwa sababu nakujua, wewe ukiona bahasha tu unaanza kutafuta kiti.

Nianze na ile skrini uliyonitumia. Nakushukuru tena, na safari hii nakushukuru bila uongo. Kila uliponiuliza kwenye simu nilikuambia iko safi, wala hujakosea kununua. Kaka, haikuwa safi. Ilikuwa inakwama. Nilikuwa naona haya kukuambia, maana najua ulivyojibana mpaka ukaipata, na zawadi haitafutwi kasoro. Unajua kazi yangu: nachora katuni za kipindi cha watoto, yule mbuzi mtundu anayeuza miavuli. Basi mbuzi wangu akikimbia alikuwa anakimbia kidogo, anasita, anaruka mbele, anasita tena, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nikivuta kalamu yangu ya kuchorea, mstari ulikuwa unanifuata kwa nyuma. Mkono umeshafika kwenye pembe, wino bado uko kwenye ndevu.

Chumba changu cha kazi unakijua. Meza ni moja, ile yenye mguu uliotiwa kigingi. Skrini yako niliiweka mbele yangu, na ile kuukuu nikaisogeza kushoto, mbele ya kiti cha Baba. Tangu Mama atutoke na Baba ahamie kwangu, pale ndipo kwake. Mimi nachora, yeye anaangalia mpira. Namfungulia mechi upande wake kisha naendelea na mbuzi wangu, na kompyuta ni ile ile moja inayotuhudumia wote wawili. Huhitaji kukumbushwa kuhusu Baba na mpira. Siku za kazi alikuwa kiwandani, lakini Jumamosi alikuwa mshika kibendera, na hakuna mshambuliaji aliyewahi kuotea mbele yake akasalimika. Mashabiki walimtukana mpaka wakachoka, na bado walikuwa wanasema yule mzee ana jicho.

Sasa, miezi ya karibuni Baba naye akaanza kulalamika kuhusu skrini yake. Alisema inajikokota. Zamani alikuwa anasema "ameotea huyo" kabla refa hajapuliza, unakumbuka, mpaka tunamwambia akae kimya atuachie raha yetu. Siku hizi akawa anasema baada ya mtangazaji. Nilipomtania kwamba uzee umemfikia, alikasirika kweli, akasema si yeye, ni hii mitambo yangu, picha inachelewa. Mimi nikamwamini. Ningeachaje kumwamini wakati na yangu ilikuwa inakwama mbele ya macho yangu? Akaanza kunitaka nimsomee matokeo, eti maandishi yao wameyafanya madogo. Nikamsomea.

Ni katika siku hizo ndipo nilipokupigia simu nikakuomba uje umchukue. Sitaki kuyapaka sukari maneno yale. Nilikuwa nimechoka. Mwenye kipindi alikuwa ananipigia kila asubuhi kuuliza mbuzi wake yuko wapi. Baba alikuwa amemwaga chai juu ya michoro yangu, siku ya pili akagonga kalamu ikaanguka na kuvunjika ncha, siku ya tatu akaniita mara chungu nzima kuniuliza kijiko kiko wapi, na kijiko kiko pale pale mbele yake. Nikadhani ananitafutia maneno. Nikakuambia nyumba yako ni kubwa, ina nafasi, ina watoto wa kumchangamsha. Na wewe, Mungu akubariki, hukuuliza mara mbili. Ulisema utakuja mwisho wa mwezi na gari la wifi. Nilipokata simu niliona Baba amesimama kwenye korido, kiganja chake kikiwa ukutani. Jioni yake akasema tu kwamba nyumba kubwa ni jambo jema, hewa inazunguka.

Basi ngoja nirudi kwenye skrini, maana ndiko habari ilikotokea. Nilimwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Fundi Subiri kwa sababu kila unachomuuliza jibu lake la kwanza ni hilo. Ndiye aliyeniwekea ule mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Linux, na tangu hapo anaitembelea kama mkwe. Akaja, akakaa, akamtazama mbuzi wangu akikimbia na kusita, akasema subiri. Akachomoa waya wa skrini ya Baba. Kaka, mbuzi alikimbia! Alikimbia kama ameiba. Nilivuta kalamu na wino ukaenda na mkono wangu sambamba, nikapiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni.

Fundi akanieleza kwamba skrini haionyeshi picha moja iliyotulia. Inajichora upya mara nyingi kila sekunde, na jicho letu linadanganyika likaona mwendo. Yako mpya inajichora mara mia na arobaini na nne kwa sekunde. Kuukuu ya Baba, mara sitini. Tatizo ni kwamba kompyuta yangu ilikuwa inatumia ule utaratibu wa zamani wa kuchora, ambao unazihesabu skrini zote kama turubai moja. Alisema ni ngoma yenye mpigaji mmoja na wachezaji wawili, mmoja mwepesi na mwingine mzito: mpigaji akimfuata mzito, mwepesi anabaki mguu hewani. Usianze kunitafutia methali hapo, nakujua. Yalikuwa ni maneno ya fundi na alikuwa anazungumzia skrini tu. Akasema dawa rahisi ni kuiondoa ile kuukuu, nibaki na moja.

Nikamgeukia Baba kumweleza. Kabla sijafungua kinywa akasema haina neno, kazi ndiyo inayotulisha, yeye atasikiliza redio. Alisema kwa upole mno. Na bado hakuondoka pale kitini. Siku ile nzima alikaa mbele ya skrini isiyo na waya, mikono juu ya magoti, redio ikiongea pembeni, na mimi nikachora vizuri kuliko nilivyowahi kuchora mwaka huu wote, na sikuifurahia kazi hiyo hata dakika moja. Kesho yake nikamrudishia waya wake. Mbuzi akaanza kusita tena.

Nilimpigia Fundi Subiri nikamwambia anitafutie njia nyingine, na asiponitafutia nitamtangaza mtaani kwamba ni fundi wa kuchomoa waya. Akacheka, akasema subiri. Alipokuja alinionyesha kwamba pale pa kuingilia, kabla sijaandika neno langu la siri, kuna alama ndogo ya kuchagua utaratibu mwingine wa kuchora, unaitwa Wayland. Huo mpya kila skrini unaipa mpigaji ngoma wake. Tukauchagua. Mara ya kwanza kalamu yangu ikagoma kabisa kutambuliwa, nikajishika kichwa, lakini aliisumbua kidogo na programu yake mpaka ikakubali. Halafu akaiweka yangu kwenye mia na arobaini na nne, ya Baba kwenye sitini, akafungua mbuzi huku na mpira kule. Vyote vikaenda. Hakuna aliyemsubiri mwenzake. Nilimkumbatia yule fundi mpaka miwani yake ikaenda upande.

Nikamwambia Baba kazi imekwisha, zote mbili ni nzima. Akauliza yake imepewa ngapi. Nikamwambia sitini. Akauliza yangu. Nilipomtajia alitikisa kichwa, akasema huo ni upendeleo wa wazi, yeye aliyetuzaa apewe sitini na mbuzi apewe mia na zaidi! Tulicheka sana. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu ile simu yangu kwako. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, mchana, mechi yake ikiwa imeshaanza, nikataka kumfurahisha. Nikafungua mipangilio, nikaona kwenye orodha ya skrini yake kuna sitini na kuna sabini na tano. Nikamwambia Baba leo nakuongezea. Nikachagua sabini na tano.

Hapo kompyuta ina tabia ya kuuliza. Inakuuliza kama ubaki na badiliko hili, na usipojibu haraka inarudisha yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu inajua huenda umeharibu na huoni kitu. Ni busara kubwa hiyo. Lakini swali lilitokea kwenye skrini yangu, mbele yangu mimi, na mimi Sindano mwenye haraka zangu nikabonyeza ndiyo bila kugeuza shingo. Nikarudi kwa mbuzi. Nyuma ya sikio langu nasikia mtangazaji anapanda na kushuka, uwanja unavuma, na Baba anaguna na kushauri kama kawaida yake.

Baada ya muda nikamuuliza picha yake sasa ikoje. Akajisogeza mbele kwenye kiti, akasema ahsante mama, sasa ni safi kabisa, tena leo anamwona mshika kibendera mpaka kamba za viatu. Nikageuka ili tuitazame pamoja.

Kaka, skrini ilikuwa nyeusi.

Ilikuwa imezimika muda wote ule. Kuukuu yetu haikuiweza hiyo sabini na tano, ikajilaza, taa yake ndogo ya pembeni inapepesa tu. Na Baba alikuwa ameikabili, macho wazi, anatabasamu. Uwanja ukavuma, mtangazaji akapaza sauti, na Baba akanyoosha kidole kwenye lile giza akasema ameotea huyo.

Sikupiga kelele, sijui ni kwa nini, mimi ambaye hupiga kelele kwa kila kitu. Nilirudisha sitini kwenye mipangilio, na picha ikarudi, majani ya uwanja yakamulika chumba kizima. Nilimtazama usoni wakati mwanga ule unatokea. Hakushtuka. Hata kope haikucheza. Basi nikakaa vile vile, kalamu mkononi, mpaka mpira ukaisha, kwa sababu sikutaka kumkatizia.

Ulipoisha niliketi sakafuni karibu na miguu yake, nikamwambia Baba, ile picha ilikuwa imezima. Kwanza alicheka. Kisha akasingizia miwani. Kisha mkono wake ukanitafuta kichwani, ukagusa bega kwanza, ndipo ukapanda. Akaniambia jicho la kushoto lilimwacha zamani, hata Mama hakujua. La kulia limebaki na vivuli: anajua dirisha liko wapi kwa mwanga wake, na mlango kwa giza lake, na mimi ananijua kwa sauti na kwa mafuta ninayojipaka. Mpira alikuwa anausikiliza tu. Kumbe yale malalamiko yote ya skrini kujikokota yalikuwa ni kujificha. Alijua yangu inakwama kweli, akaona hapo ndipo pa kujibanza. Na chai ile, Kaka, na kalamu ile, na kijiko. Nililia mpaka mafua yakaona wivu.

Nikamuuliza kwa nini alitunyamazia. Akasema yeye ni mtu aliyesifiwa jicho maisha yake yote, angeanzaje? Halafu, alisema, alinisikia siku ile kwenye simu. Akaona akisema sasa hivi tutadhani analeta ujanja ili asihame, na asiposema basi atahama salama. Nikamuuliza salama gani hiyo. Alisema nyumba hii aliwahi kuiona. Ukuta wa korido anaujua kwa kiganja, kona ya meza anaijua kwa nyonga, ngazi ya mlango wa uani anaijua kwa kidole gumba cha mguu. Kwako tangu uhamie nyumba mpya hajawahi kufika. Akasema, mwanangu, nitajifunzaje nyumba ambayo sikuwahi kuiona hata mara moja? Lakini akasema pia kwamba tusigombane kwa ajili yake, popote tutakapomweka atakaa.

Jumatatu yake nilimpeleka hospitali ya macho. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alimpima muda mrefu, akasema ni presha ya macho iliyoachwa ikafanya inavyotaka. La kushoto halirudi. La kulia linaweza kushikiliwa na hicho kidogo kilichobaki, kwa dawa ya matone asubuhi na jioni bila kukosa, na tumrudishe kila anapotuita. Alituuliza kwa nini tulichelewa. Baba akajibu kwamba alikuwa anasubiri fundi arekebishe skrini. Daktari hakuelewa, ila sisi wawili tulicheka kama wendawazimu pale kwenye kiti cha mgonjwa.

Sasa nakuja kwenye ombi langu, na nalitoa nikiwa nimeshika moyo. Naomba usimchukue. Ninajua ni mimi niliyekuita, na ninajua umeshapaka rangi kile chumba cha nyuma, wifi aliniambia. Sijawa malaika ghafla. Bado nimechoka, na juzi tu nilimfokea kwa habari ya sukari kisha nikamwomba radhi. Lakini siwezi kumhamishia Baba kwenye giza halisi wakati hapa ana giza analolijua. Abaki kwangu. Nisaidie kwa namna nyingine: uje ukae naye wakati mimi namalizia mbuzi wa mwenye kipindi, umpeleke wewe kwa daktari siku atakayotuita tena, ujifunze kumtilia yale matone. Si kazi ngumu, ila anakaza kope kama mtoto. Na wale watundu waje likizo, wamtangazie mpira. Mtangazaji wa kwenye skrini haelezi vizuri nani amesimama wapi, na Baba anamlaumu sana.

Nilitaka kukueleza haya kwa simu. Baba ndiye aliyekataa. Aliniruhusu nikuambie yote, lakini akasema kwa barua, kwa sababu kwenye simu angekuwa amekaa pembeni yangu na angesikia sauti yako ikibadilika. Alisema macho yamezoea, masikio bado. Basi nimekaa nakuandikia wewe, mkubwa wangu, barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika, na yeye yuko pale kushoto, mechi inaendelea, skrini yake inawaka kwenye sitini zake. Nilimwambia naweza kuizima, abaki na sauti tu. Akasema niiache, anapenda ule mwanga usoni, na mimi pia napenda kumwona hivyo.

Nisalimie wifi yangu kwa mapenzi yote, mwambie rangi ile ya chumba haikupotea, tutalala sisi tukija. Wabusu watoto kwa shangazi yao. Jirani zetu wanakusalimu, na Fundi Subiri anakusalimu pia, ingawa hamjaonana, maana nimemsimulia habari zako mpaka anakuona ndugu. Baba anakupa salamu zake mwenyewe: anasema yeye hana neno na wewe, na kwamba uendeshe gari taratibu.

Neno la mwisho, Kaka. Mwaka ule ulipokuja mara ya mwisho, alikupa mkono pale kitini, akakuambia umenenepa, na wewe ukafurahi. Ameniambia kwamba alibahatisha. Hakuwa amekuona. Kwa hiyo safari hii ukifika, usisimame mlangoni na lile tabasamu lako ukisubiri akutambue. Mwite tangu nje, kwa sauti, ili ajue ni wewe na apate muda wa kujiweka sawa. Kisha mwendee mpaka alipo, upige magoti, umpe uso wako aushike. Ameniuliza mara mbili kama umeanza kuzeeka. Nimemwambia sitamjibu, atajionea mwenyewe kwa mikono yake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyosema,

Sindano